Kulinda samaki wa bwawa na kizimba dhidi ya mnandi na ndege wengine wala-samaki: hatua za kufuata kabla ya kufikiria kuua

Mwongozo huu umekusudiwa wafugaji wa sato, perege na kambale katika Afrika Mashariki, pamoja na vikundi vyao na maofisa wa uvuvi wanaoombwa ushauri pale ndege wanapozidi. Msimamo wake ni kwamba kipimo cha tatizo ni samaki waliopotea, wala si wingi wa ndege waliotua. Kuua ndege ni njia ya mwisho yenye masharti mazito, kwa sababu mahali pengi ilipojaribiwa haikurudisha samaki kwa kiwango kilichotarajiwa. Hata hivyo hasara ni ya kweli, na mfugaji anayelalamika hapaswi kupuuzwa. Mnandi mkubwa mwenye kifua cheupe, yule tunayemwona akianika mabawa juu ya miamba ya Ziwa Victoria, hula takribani nusu kilo ya samaki kwa siku. Akikuta bwawa la vifaranga wa gramu tano tano, nusu kilo hiyo ni vifaranga mia moja, na kundi la ndege ishirini linaweza kumaliza kazi ya msimu mzima kabla mfugaji hajajua kilichotokea.

Hatua ya kwanza: hakikisha kwamba mwizi ni ndege

Samaki hupungua bwawani kwa sababu nyingi. Fisi maji, kenge, vyura wanaokula vifaranga wadogo, wezi wa usiku, na uhaba wa hewa alfajiri vyote huacha bwawa likiwa na samaki wachache kuliko waliopandwa. Korongo na yangeyange wakijaa ghafla asubuhi moja, kabla ya kuwalaumu angalia kama samaki wanahema juu ya maji, kwa maana ndege hukimbilia mahali samaki walipodhoofika, na huenda wanakuonyesha kwamba hewa imepungua au ugonjwa umeingia. Katika hali hiyo dawa ni kuingiza maji mapya na kupunguza chakula, na kuwafukuza ndege hakutaokoa hata samaki mmoja.

Vua samaki kadhaa kwa wavu na uwakague. Korongo huchoma kwa mdomo mkali na kuacha jeraha la tundu ubavuni, ilhali mnandi hushika kwa mdomo wenye ncha iliyopinda na kuacha mikwaruzo pande zote mbili za mwili. Kisha kaa mahali pa kujificha alfajiri na jioni kwa siku kadhaa, uandike ni ndege gani wametua, wangapi, na wamemeza samaki mara ngapi. Kumbukumbu hiyo itakusaidia kuchagua kinga, na ukifika kwenye ofisi ya wanyamapori itakuwa ushahidi wako. Aidha, hesabu samaki kwa sampuli kila mwezi, kwa sababu bila hesabu hiyo hutajua kama hatua utakazochukua zimefaa.

Hatua ya pili: mtambue kila ndege kwa namna anavyovua

Hapa ndipo pesa nyingi hupotea, kwa kuwa kinga inayomzuia ndege mmoja inaweza kuwa bure kabisa kwa mwingine. Mnandi na mbizi hutua majini, huzama na kuwakimbiza samaki chini ya maji. Korongo, yangeyange na fundichuma hutembea ukingoni kwenye maji ya kina kifupi na kusubiri. Mdiria mweusi na mweupe hutazama kutoka kwenye nguzo au waya, na pia anaweza kusimama hewani akipiga mabawa kisha akajitupa majini, hivyo kumwondolea nguzo humpunguza tu. Mwari huja kwa makundi na huhitaji eneo pana la maji, na kwa kawaida bwawa dogo la kijijini si shabaha yake. Furukombe huchukua samaki mmoja mkubwa na kuondoka. Hasara yake ni ndogo na sijawahi kuona sababu ya kumwandama.

Kuna madhara mengine ambayo wafugaji wachache huyahusisha na ndege, nayo ni minyoo ya manjano inayoonekana kama vijipu chini ya ngozi ya perege. Mnyoo huyo hukomaa kwa korongo na ndege wa jamii yake, mayai yake huanguka majini, huingia kwa konokono, kisha humfikia samaki. Kufyeka majani ya ukingoni na kuondoa konokono hukata mzunguko huo hata kama ndege wataendelea kupita.

Hatua ya tatu: lirekebishe bwawa kabla ya kununua chochote

Ndege hufuata chakula. Ziwa Nakuru liliwahi kuwa ziwa la heroe, lakini baada ya perege wadogo wa Ziwa Magadi kupandikizwa humo katika miaka ya 1950 na mwanzoni mwa miaka ya 1960 ili wale viluwiluwi vya mbu, mwari na ndege wengine wala-samaki walimiminika, na mwari wanaozalia Elmenteita wakawa wanakuja kuvua huko. Bwawa lililojaa vifaranga kwenye maji ya kina kifupi, yaliyo meupe na yasiyo na mahali pa kujificha, huwaita ndege kwa namna hiyohiyo.

Chimba kingo ziwe na mteremko mkali, na kina cha ukingoni kisipungue sentimita 60, ili korongo akose pa kusimama. Weka bwawa la vifaranga karibu na nyumba, mahali watu wanapopita tangu alfajiri, au uwakuze vifaranga ndani ya “hapa”, yaani kizimba cha wavu laini kinachowekwa bwawani, iliyofunikwa hadi wafikie ukubwa unaowapa mnandi shida kuwameza. Ukiweza kununua vifaranga wakubwa zaidi kwa bei ya juu kidogo, piga hesabu ya wanaopona badala ya kuangalia bei ya kifaranga mmoja. Kwenye bwawa la kukuzia, zamisha maficho: vifurushi vya matawi, mabomba ya plastiki yaliyofungwa pamoja, au vizimba vidogo vya waya wenye matundu ambayo samaki hupita na mnandi hapiti. Majaribio yaliyofanywa Ulaya yalionyesha kwamba maficho ya aina hiyo hupunguza mafanikio ya mnandi katika kuvua, na ndege anayevua kwa taabu huondoka mapema. Ng'oa nguzo zisizo na kazi, punguza matawi makavu yaliyoinama juu ya maji, na uzike samaki waliokufa badala ya kuwatupa ukingoni.

Hatua ya nne: nyavu na kamba

Kwa bwawa dogo hakuna kinga inayoushinda wavu uliotandazwa juu ya maji yote, na kama ningeruhusiwa kumshauri mfugaji mdogo jambo moja tu, ningemwambia atumie fedha zake hapa. Matundu ya sentimita 5 hadi 10 humzuia mnandi na korongo. Kwa mdiria yanahitajika matundu madogo zaidi, na kwa hiyo wavu wa matundu madogo utumike kwenye bwawa la vifaranga pekee, ambako ndiko mdiria huleta hasara kubwa. Simika nguzo imara pande zote, pitisha waya au kamba nene katikati, kisha tandaza wavu uliokazwa vizuri, ukiwa juu ya maji kwa zaidi ya nusu mita ili korongo asiweze kusimama juu yake na kupenyeza mdomo. Pembeni ushushe hadi chini, kwa sababu ndege wanaotembea huingia pale wavu unapoishia.

Kukaza wavu ni jambo la lazima. Wavu uliolegea huwanasa ndege na popo, nao hufa polepole kwa mateso ambayo hayamletei mfugaji faida yoyote, na mizoga yao huchafua maji. Usitumie kamwe mabaki ya nyavu za timba, yaani za uzi mmoja mwembamba wa plastiki: uzi wake hauonekani, hukata miguu na mabawa, na ukipeperushwa na upepo unaishia ziwani ambako huendelea kuua samaki na ndege kwa miaka. Chagua uzi mnene wenye rangi inayoonekana, kwa maana lengo ni ndege auone wavu na aachane na bwawa.

Bwawa lililo kubwa mno kwa wavu linaweza kukingwa kwa kamba zilizonyooshwa sambamba. Mnandi ni ndege mzito anayehitaji kukimbia juu ya maji kabla ya kupaa, na kamba zilizoachana mita chache, zikipita kutoka ukingoni hadi ukingoni, humnyima uwanja wa kutua na wa kurukia. Kamba hizi hazimzuii korongo anayeshuka kwa utulivu na kutembea, hivyo mwekee uzio mfupi wa kamba mbili ukingoni, moja chini ya goti na nyingine juu yake kidogo.

Kwenye vizimba vya ziwani funika kila kizimba kwa wavu uliofungwa kwenye fremu na kuinuliwa katikati, usije ukagusa maji unapobebwa na mawimbi. Tatizo linalosahaulika liko chini ya maji: mnandi huzama na kuwadonoa samaki kupitia wavu wa pembeni, na wengi hufa kwa majeraha bila kuliwa. Wavu wa pili wa nje, uliotenganishwa na ule wa ndani kwa nafasi ya kutosha na kunyooshwa kwa vizito, huwaweka samaki mbali na mdomo wa ndege. Kagua nyavu zote mbili kila wiki, na usimwage chakula nje ya kizimba, kwani hukusanya dagaa na furu ambao nao huwaita mnandi.

Hatua ya tano: kufukuza

Kelele, vioo, sanamu za watu, mikanda inayong'aa na mizinga ya gesi vyote hufanya kazi kwa siku chache, kisha ndege huvizoea. Mbinu hizi hufaa zaidi zinapoanza siku ileile ndege wa kwanza wanapotua, zinapobadilishwa mahali na aina mara kwa mara, na zinapoambatana na mtu halisi, kwa sababu mtu ndiye kitisho ambacho ndege hawakizoei kirahisi. Kikundi cha wafugaji wenye mabwawa yaliyopakana kigawane zamu za alfajiri na za saa ya mwisho kabla ya giza. Mfugaji mmoja akifukuza peke yake, anawapeleka ndege kwa jirani, na jirani atawarudisha kesho.

Wafugaji wa kambale katika delta ya Mississippi, nchini Marekani, walijifunza kwamba badala ya kukimbizana na mnandi juu ya maelfu ya mabwawa mchana kutwa, ni afadhali kuwasumbua jioni kwenye miti wanakolala. Kazi hiyo ilipofanywa kwa pamoja na kwa jioni kadhaa mfululizo, ndege walihamia sehemu za kulala zilizo mbali na mashamba. Njia hiyo inaweza kuigwa mahali ambapo mnandi hulala kwenye miti michache inayojulikana, mradi miti hiyo isiwe na viota vyenye mayai au makinda, na mradi afisa wanyamapori ashirikishwe tangu mwanzo.

Hatua ya sita: jifunze kwa waliotangulia kuua

Hatua hii ni ya kusoma, na haifai kurukwa na kikundi chochote kinachofikiria kuomba kibali. Mnandi wa Amerika Kaskazini walipungua sana kwa sababu ya sumu ya DDT, dawa ya kuua wadudu, na kuwindwa, na mwanzoni mwa miaka ya 1970 walikuwa karibu kutoweka kwenye Maziwa Makuu ya huko. DDT ilipopigwa marufuku Marekani mwaka 1972, na ndege hao wakalindwa kisheria mwaka huohuo, waliongezeka hadi wavuvi wakalalamika. Kwenye kisiwa cha Little Galloo, Ziwa Ontario, koloni lilifikia jozi zipatazo 8,400 mwaka 1996, na mwaka 1998 baadhi ya wavuvi waliingia huko na kuwapiga risasi mamia ya ndege kinyume cha sheria. Mwaka uliofuata serikali ya jimbo la New York ilianza kupaka mayai mafuta ili yasianguliwe, ikilenga kulishusha koloni hadi jozi 1,500, na idadi ilishuka polepole kwa miaka mingi. Wenye haraka na wenye subira walikuwa na malalamiko yaleyale, lakini mpango wenye kipimo ndio uliodumu.

Mfano wenye mafunzo mazito zaidi ni wa mlango wa mto Columbia, magharibi mwa Marekani. Kwenye kisiwa cha East Sand kulikuwa na takribani jozi 15,000 za mnandi mwaka 2013, wakila samoni wachanga wanaoshuka baharini. Kikosi cha wahandisi wa jeshi la Marekani kilianza mwaka 2015 mpango wa kuua karibu ndege 11,000 kwa miaka minne pamoja na kupaka mayai mafuta. Mei 2016 maelfu ya ndege walilitelekeza koloni, na baadaye wengi wakajenga viota kwenye daraja la Astoria-Megler, juu zaidi ya mto. Huko hakuna samaki wengi wa baharini wa kuchanganya na mlo, kwa hiyo kila ndege alikula samoni wengi kuliko alivyokuwa akila kisiwani. Ndege waliishia kuhama kutoka mahali wanapodhuru kidogo hadi mahali wanapodhuru zaidi.

Katika mto huohuo kulikuwa na kazi nyingine iliyofanywa kwa akili tofauti. Buabua wa Kaspi walikuwa wakizalia kisiwa cha Rice, ambako zaidi ya robo tatu ya chakula chao kilikuwa samoni. Kuanzia mwaka 1999 wataalamu waliwaandalia mchanga mtupu kwenye kisiwa cha East Sand, karibu na bahari, wakaweka sanamu za buabua na kupiga sauti zao zilizorekodiwa, huku wakizuia viota Rice. Ndege walihama, na samoni wakashuka hadi chini ya nusu ya mlo wao, bila kundi la ndege kuangamizwa. Mamlaka ya uhifadhi ya eneo la Toronto, nchini Kanada, yenye koloni kubwa sana la mnandi kwenye hifadhi ya Tommy Thompson, nayo ilichagua kuwavuta ndege watage chini badala ya kwenye miti, ili miti isife kwa kinyesi.

Wasomaji wa pwani wataukumbuka mfano wa karibu, ule wa kunguru wa India waliotegewa sumu Zanzibar katika miaka ya 1990: walipungua sana, na kazi ilipokatika wakarejea. Kunguru yule ni mgeni aliyeletwa, na kuna hoja nzuri ya kumwondoa kabisa. Mnandi ni mwenyeji wa maziwa yetu, na hakuna anayeweza kudai kwamba anapaswa kutoweka. Kwa hiyo hata mpango wa kumpunguza lazima utaje idadi itakayobaki.

Hatua ya saba: ikiwa kuua bado kunafikiriwa

Anza na sheria. Nchini Tanzania ndege wa porini wamo chini ya Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori Na. 5 ya mwaka 2009, nchini Kenya chini ya sheria ya mwaka 2013, na nchini Uganda chini ya ile ya mwaka 2019. Nchi zote tatu pia ni wanachama wa Mkataba wa Uhifadhi wa Ndege wa Maji Wahamao wa Afrika na Ulaya-Asia. Mfugaji asiue ndege kwa uamuzi wake mwenyewe. Apeleke kumbukumbu zake kwa afisa wanyamapori wa wilaya, au kwa Shirika la Huduma kwa Wanyamapori nchini Kenya, au Mamlaka ya Wanyamapori ya Uganda, na aeleze kinga alizokwisha kuweka.

Ombi lenye uzito hujibu maswali haya kwa takwimu: ni aina gani ya ndege anayeleta hasara, hasara ni kilo ngapi kwa msimu, nyavu zimeshindwa kwa nini, ndege wangapi wataondolewa, na samaki watakaookolewa watahesabiwaje. Swali la mwisho ndilo hushindwa mara nyingi. Bwawa tajiri likibaki wazi, nafasi ya ndege aliyeuawa hujazwa na mwingine kutoka ziwani, na waliobaki hupata chakula zaidi na kulea makinda wengi zaidi. Kwa sababu hiyo kuua ndege wachache hutumika zaidi kuongeza nguvu ya kufukuza, yaani kuwafanya wengine waamini kwamba kelele ina hatari ndani yake, kuliko kupunguza kundi zima. Kazi hiyo ifanywe na askari wanyamapori wenye ujuzi wa kulenga, nje ya msimu wa kuzaa ili makinda wasife njaa viotani, na kamwe isifanywe mahali ambapo mbizi au ndege adimu wanaweza kudhaniwa kuwa mnandi.

Kupunguza uzazi hakuhitaji risasi. Mayai yaliyopakwa mafuta safi ya mahindi hukosa hewa na hayaanguliwi, lakini mama huendelea kuyaatamia na hatagi mengine, tofauti na mayai yaliyovunjwa ambayo hutagwa upya ndani ya muda mfupi. Denmark nayo imetumia njia hii kwa miaka mingi kuzuia makoloni yasikue. Mpakaji hurudi zaidi ya mara moja kwa msimu kwa sababu mayai hayatagwi siku moja, na matokeo huchelewa, kwa kuwa mnandi waliokomaa huishi miaka mingi. Njia hii pia huhitaji kibali, na haifai kwenye visiwa vyenye mchanganyiko wa viota, kama vile visiwa vya Musambwa nchini Uganda, ambako mtu akiingia kwa ajili ya mnandi huwatimua shakwe na yangeyange, na mayai yao yakabaki wazi juani.

Sumu isitumike kwa hali yoyote. Karbofurani, dawa ya wadudu wa shambani, imetumiwa na wategaji katika mashamba ya mpunga ya Bunyala, magharibi mwa Kenya, kuua ndege wa maji na kuwauza kama kitoweo. Sumu iliyomuua ndege huingia kwenye sahani ya mtoto. Sumu iliyotiwa kwenye samaki wa chambo haichagui mnandi: itamfikia furukombe, mbwa, na bwawa la jirani. Wala mfano wa kunyunyizia kwelea kwelea kwa ndege za angani hauhusiki hapa, kwa kuwa juu ya ziwa dawa ingeangukia maji yanayonywewa.

Hatua ya nane: pima na uamue kuacha

Endelea na hesabu ya kila mwezi uliyoanza nayo, ukilinganisha bwawa lenye kinga na lisilo na kinga pale inapowezekana. Andika gharama za wavu, za zamu na za kibali upande mmoja, na kilo za samaki waliovunwa upande wa pili. Kibali cha kuua kiwe na tarehe ya mwisho na kiwango cha juu cha ndege, na kama baada ya msimu mmoja mavuno hayakupanda, kisiombwe tena: fedha hiyo ipelekwe kwenye wavu wa bwawa lililobaki wazi.